Kikombe cha Maziwa Kilichonipatisha Haya

Wandugu wasomaji, kosa ni langu. Lakini sikulifanya peke yangu, na majina nitayataja!

Nilikimbia vita Masisi, mutoto mugongoni. Volkano ikakuja, ikakula nyumba yangu. Nikapona. Sasa muone: mutu aliyepona hayo yote, nimeangushwa na kikombe kimoja cha maziwa!

Mama yangu, watoto wanamuita Koko, anaishi kwangu Keshero. Nilimuweka katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba. Nani alinishauri? Zawadi, dada ya muke wangu, mwenye mudomo mukubwa: "Shemeji, yule muzee atawaharibu watoto na mambo yake ya ngombe. Hawa ni watoto wa muji!"

Na Bahati, rafiki yangu muuza mabati wa Birere, akaongeza: "Wazee wanaloga. Watoto wasikaribie." Bahati, leo kichwa chako cheupe kabisa, nani anamuloga nani?

Nikawasikiliza, mujinga mimi. Nikakataza watoto kwenda kule. Chakula cha Koko tulikuwa tunakipitisha dirishani, kama kwa mufungwa. Mungu wangu!

Mutoto wangu Héritier akakomaa hivyo. Diplome iko, ndevu ziko, lakini kwake wazee wote ni moshi, kikohozi na laana.

Siku ya kumuombea binti aliyetaka kuoa, tukaenda kwao, Katindo. Babu ya binti, muzee wa Masisi kama sisi, akamupa Héritier maziwa. Héritier akapokea kwa mukono mumoja, ule mwingine umeshika simu! Akaweka kikombe chini, karibu na kiatu.

"Aksanti, muzee. Soda ya baridi haiko?"

Yesu! Kwetu maziwa hayawekwi chini. Unakaa, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa kabla ya kusema neno.

Muzee akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Huyu alilelewa na nani?"

Nikakohoa.

"Basi mumurudishe siku atakuwa amelelewa."

Binti akalia wiki nzima. Héritier hakukula. Mwishowe akaenda kupiga hodi kwenye chumba cha nyuma.

"Eh, umepotea njia?" Koko akamuchekelea. "Choo iko upande ule."

"Koko, nifundishe kunywa maziwa."

"Tangu uzaliwe nakungojea, na leo unakuja bila hata maziwa yenyewe!"

Miezi miwili akashinda mule. Nilikuwa nasikia vicheko kupitia mbao. Nikikaribia, wananyamaza!

Tukarudi Katindo. Héritier akakaa, akapokea, akakunywa yote, akarudisha kikombe mukononi mwa muzee. Muzee akafurahi mpaka fimbo ikamuanguka.

"Sasa huyu alilelewa na nani?"

"Na Koko wangu."

Na mimi nimekaa pale pale, na koti langu la kuazima! Hakuna hata mumoja aliyegeuka kuniangalia.

Ninyi munaoficha wazazi wenu nyuma ya nyumba, mujue watoto wanaangalia na wanajifunza namna ya kuficha. Zawadi, Bahati, na ninyi zamu yenu inakuja!

Juzi Koko alihamia ndani, karibu na sisi. Héritier akaingia katika chumba cha mbao, akakipima kwa hatua, akaniita: "Papa, kitanda chako tutakiweka upande gani?"

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa naangalia lile dirisha.