Kibuyu Changu cha Maharage Kilimpeleka Mwanangu Kambini

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni, na la mwanangu zaidi. Barua hii inavuka mpaka ndani ya kikapu cha dagaa cha wifi yangu, kwa hiyo ikinuka mnisamehe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, mkulima wa kijiji cha Kwapa, upande wa Uganda. Siku za soko nauza unga wa muhogo Busia. Shule niliishia darasa la nne, lakini msinidharau, kwa hesabu ya kichwa hakuna mwanamke sokoni anayenishinda. Watoto ninao watano na wote nawapenda, ila huyu kifungua mimba wangu, Mungu anisamehe, nilimpenda kupita kiasi. Ni mrefu hata kwangu anaingia ameinama kama anayesujudu. Anafanya kazi kiwandani Tororo, na huko ndiko alikojifunza mpira wa kikapu. Akiruka, unaweza kumenya muhogo ukamaliza kabla hajatua.

Sheria za mchezo sikuzijua. Nilijua tu kwamba mpira ukipita kwenye kile kikapu, watu wanashangilia. Basi nikawa naenda uwanjani na maharage nimeyafunga kwenye mshipi wa gauni langu la gomesi. Mwanangu akifunga, harage moja linaingia kwenye kibuyu. Wenzake wakifunga napiga makofi tu, yao wahesabiwe na mama zao. Kibuyu kilipofika shingoni nilikitembeza soko zima nikikitikisa, mpaka wakaniita Mama Kibuyu. Nilipenda jina hilo, sitadanganya.

Ndipo afande mmoja akaanza kuja kutazama mechi. Alikuwa anatafuta mfungaji mmoja mkali wa timu ya kambi yake. Wengine walinong'ona kwamba kijana akiingia huko anapewa viatu na nyama, lakini kutoka hatoki, na akitaka kukataa hana wa kumwambia. Mimi nikasema huo ni wivu wa watu ambao watoto wao ni wafupi.

Tangu afande aanze kuja, maharage yakapungua. Mechi moja manane, iliyofuata matano. Mwanangu anafika chini ya kikapu kabisa, halafu anampa mpira mwenzake. Ajabu ni kwamba walikuwa wakishinda kuliko zamani, leo anafunga huyu, kesho yule, huwezi kusema nani ni nani. Nikamfuata kocha wao, mtu mpole wa Paya, nikamuuliza kwa nini anamzima mwanangu. Akanijibu kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nikamwambia hata mafiga yakiwa matatu, chungu kina mwenyewe. Akanitazama tu, akaenda kuokota mipira yake. Mimi nikajua nimemshinda.

Siku ya kuchagua, afande alikaa kwenye meza pembeni ya uwanja, karani wake akisoma majina na vikapu vya kila mmoja katika mechi za karibuni. Wote walikuwa karibu sawa. Afande akachoka, akasema hapa hakuna mtu, akaanza kusimama. Wasomaji, miguu yangu ilinitoa yenyewe. Nikapita mbele ya watu wote, nikamimina kibuyu mezani.

"Afande," nikasema, "hesabu ya huyu mtoto iko hapa. Hiyo ya karani ni ya juzi."

Akachota maharage, akayaangalia kiganjani, akacheka kwa furaha.

"Mama, wewe najua kazi," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii kijana nakwenda na mimi leo."

Nikapiga vigelegele. Nilikuwa peke yangu. Mwanangu alipopita karibu nami kuelekea kwenye gari, alisema polepole kwa lugha yetu, "Mama, ilikuwa imebaki siku ya leo tu."

Kocha ndiye aliyenieleza baadaye. Vijana walikuwa wamekubaliana wagawane vikapu ili asionekane mmoja, afande akose wa kumchukua, aende zake. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia mimi, mama mzazi. Akasema, "Mama Kibuyu, tungekuambia, soko lote lingejua kabla ya saa sita." Na ni kweli.

Sasa ni mwezi wa tano tangu achukuliwe. Afande amenipenda. Kila Jumamosi yenye mechi gari linakuja kunichukua, nakalishwa kiti cha mbele kando yake na kibuyu changu mapajani, na mchezo ukiisha ananigeukia: "Mama, ngapi?" Karani hamwamini tena, ananiamini mimi. Mwanangu akiwa uwanjani haniangalii usoni, anaangalia mikono yangu.

Nikitaja nyingi, afande anafurahi na kusema kijana huyu hatoki hapa mpaka azeeke. Nikitaja chache, huenda akamwacha aende, kocha anasema aliwahi kumwacha mmoja aliyeisha makali. Lakini pia huenda akasema anacheza uvivu kwa makusudi, na wanaoitwa hivyo hupelekwa mahali ambapo hakuna mpira. Wifi yangu ananiambia nivuke nikae kwake upande wa Kenya. Nikivuka, kiti changu kitakuwa kitupu, na atakayeulizwa nilipo ni mwanangu.

Jumamosi iliyopita alifunga tisa. Nilihesabu kwa macho yangu, na maharage tisa yalikuwa kibuyuni. Afande akaniuliza. Nikafungua mdomo, mdomo huu uliosifika Busia nzima, nikasema kumi na nne. Mwanangu alisikia. Aliinamisha kichwa, kama anavyoingia nyumbani kwangu.

Gari litakuja tena. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini: akiniuliza, niseme ngapi?