Shimo la Mchanga Lililotozwa Ada

Hivi wewe, mtu akiwajengea watoto wa jirani mahali pa kukaa bila kudai hata shukrani, utathubutu kumtoza ada?

Baraza la mji lilithubutu. Lilimtoza fundi mwashi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Timazi, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hata picha iliyoinama ukutani kwako humnyima raha mpaka ainuke aisawazishe. Alikuwa amejengea watu nyumba kwa miaka thelathini na tano, na siku aliyostaafu aliapa hatagusa mwiko wa kujengea tena. Kiapo kilidumu wiki mbili. Mkewe alikuwa akiwalea watoto wa akina mama wa sokoni pale verandani kwao, bure kabisa. Asubuhi moja alimwambia, mtoto mmoja akiwa amemkalia fundi mguuni na mwingine akimvuta sikio:

"Mzee, hawa sasa ni arobaini. Ujenge, au uhame wewe."

Akajenga. Chama cha sokoni kilitoa kiwanja, akina mama wakachanga matofali, na kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Hapo baraza likasema: simama, leta kibali kwanza.

Fundi akaenda kujaza fomu, na akaijaza kifundi. Waashi wanapopatana ujira hupima kila mahali watakapotoka jasho, basi naye akapima kiwanja kizima, pamoja na shimo la mchanga la kuchezea. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku viwili tu, makazi na biashara. Karani akatia alama kwenye biashara. Ada ikarudi imezidi bei ya paa.

"Shimo la mchanga wamelitoza kama ukumbi wa harusi!" Mkewe alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kisha akaanza kupiga hesabu. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya mabati. Wakilipa ada, watoto wataingia msimu wa mvua bila paa, na veranda ilishaanza kuvuja.

Fundi aliporudi ofisini, karani alimshauri kwa upole, "Punguza vipimo, baba, ada itashuka."

"Nitapunguza, maana nilikosea. Lakini hata ikishuka, mwanangu, kwa nini tulipe?"

"Hilo kaliulize baraza."

Akaenda kuliuliza, siku ya kikao cha wazi, akiwa na shati lililopigwa pasi upande mmoja tu, kwa kuwa mtoto alikimbia na upande wa pili. Akina mama wa sokoni walijaza viti vya nyuma, na mkewe akakaa ubavuni pake. Mweka hazina wa baraza, mama mwenye miwani na hoja nzito, akasimama.

"Nikikusamehe wewe, mzee wangu, kesho kila mwenye duka atajiita huduma ya jamii. Na mkaguzi wa majengo, anayelipwa kwa ada hizi, atakuja kwenu kwa gari linalokunywa maji?"

Haikuwa hoja ya kipuuzi. Fundi alikuna kichwa, akatazama kuta, dari, kisha kuta tena.

"Mama, ukumbi huu nimeujenga mimi. Karatasi zake nilizibeba kwa mkono wangu. Baraza lililipa ada ya kibali?"

"Baraza lijitoze lenyewe? Hii ni mali ya umma!"

"Na wale arobaini ni umma wa nani?"

Viti vya nyuma vikalipuka. Mwenyekiti akagonga meza mpaka kalamu ikaanguka.

"Mkaguzi aje," fundi akaendelea, "aje hata mara tano, tutamsubiri. Gharama yake wakatwe wanaojenga ili wauze. Sisi hatuuzi kitu."

"Na siku mkilikodisha jengo hilo?" mweka hazina akauliza.

"Mtutoze mara mbili. Hapana, mara tatu!"

"Wewe!" Mkewe akamfinya. "Nani kakutuma tatu?"

Hata mweka hazina alicheka. Mikono ya wajumbe ikahesabiwa: ada imefutwa kwa majengo yote ya jamii yasiyo ya faida, ukaguzi unabaki, na sharti la mara tatu likaandikwa vilevile. Waliounga mkono walizidi kwa wawili. Akina mama walimbeba fundi juujuu mpaka nje, naye akipiga kelele kwamba wanambeba upande, hawajamsawazisha.

Kesho yake asubuhi alitangulia kiwanjani kukoroga zege. Alipoinua macho, watoto walikuwa wamefika, wamepanga mstari mbele ya pengo la mlango. Paa hakuna, mlango hakuna, na ukuta mfupi kiasi kwamba yeyote kati yao angeweza kuukwea akaingia. Hakuna aliyeukwea. Wa mbele, kabinti kenye kiatu kimoja, kakagonga tofali kwa ngumi.

"Hodi!"

Timazi alitaka kujibu, kicheko kikambana. Kabinti kakasubiri kidogo, kakagonga tena, kwa nguvu zaidi.