Picha ya Kifua cha Papa Olive

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Gatsata, daktari msimamizi hakunionyesha hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya eksirei akaniambia, "Mademoiselle, wewe unapiga picha. Kusoma ni kazi yangu. Mgonjwa akikuuliza umeona nini, hujaona kitu." Nilikuwa nimetoka shule Bujumbura na cheti kipya, na udadisi wangu haukuwa na breki, kwa hiyo amri ile iliniuma sana.

Ninyi wa leo mnaona picha kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati. Sisi tulimsimamisha kifua wazi mbele ya kaseti, yaani sanduku bapa lenye filamu, tukajificha nyuma ya ukuta wa madini ya risasi na kumwamuru: "Vuta pumzi. Ibane. Haya, pumua!" Kisha tuliingia chumba cha giza, tukaichovya filamu kwenye dawa ya kwanza inayoitoa picha, tukaisuuza, tukaitia kwenye ya pili inayoikaza. Chini ya taa nyekundu mbavu zilijitokeza moja moja. Hapo ndipo nilipoipenda kazi. Kwa nini moyo wa huyu ni mkubwa? Yule alivunjika ubavu lini? Sikuwa daktari, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja ya Kiyovu, chini ya Sista Mkuu aliyependa ukimya kuliko chakula. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hakuna siri ya picha iliyowahi kunitoka.

Ndipo mume wangu, Papa Olive, fundi viatu wa mtaa wa Gitega, aliposhikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Nilimpiga picha mwenyewe. Chini ya taa nyekundu nikaona doa, kubwa kama yai, juu ya pafu la kulia. Nilimlaumu Mungu waziwazi, mimi na Yeye tu mle gizani: wagonjwa wote hawa nimewahudumia kwa ajili yako, kwa nini huyu?

Nilitoka nimeukaza uso. Papa Olive alikuwa kwenye benchi la koridoo, kati ya wagonjwa wengine.

"Iko mubaya, eh?" akaniuliza.

"Papa Olive, dokta ndiye atasema."

"Usinifiche, Mama Olive. Leo haukuimba."

"Kuimba nini?"

"Ule wimbo wa kwaya. Picha ikiwa muzuri, unaimbaga kule ndani. Ikiwa mubaya, unanyamaza. Koridoo yote inajua."

Bibi aliyekaa karibu naye akaitikia kwa kichwa. "Yego, mama. Sisi wote tunasikilizaga."

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi mtunza siri, kumbe nilikuwa nikizitangaza kwa sauti miaka yote ile! Papa Olive akanishika mkono.

"Mungu iko Mungu hata na hii picha," akasema. "Rudi ndani, uiimbie na hii."

Nilirudi. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi, lakini niliimba mpaka ubeti wa mwisho. Tangu siku ile niliimbia kila picha, njema na mbaya, na Sista Mkuu, ajabu, hakunikataza. Wagonjwa wakakosa pa kubahatisha.

Nilistaafu mapema ili nimuuguze. Aliishi miaka miwili tu baada ya picha ile. Maswali yangu kwa Mungu hayajaisha, na sidhani kama yanamkera. Nayauliza kila asubuhi nikichemsha chai. Ila moja nililiacha siku ya mazishi yake, lile la kama kuna anayesikia.

Siku hiyo nilishindwa kufungua kinywa kuimba. Nyuma yangu watu nisiowakumbuka majina, watu wa benchi lile, wakauanza wenyewe wimbo ule. Walipofika ubeti wa pili, mahali ambapo mimi hupandisha sauti vibaya tangu utotoni, wote wakaipandisha vibaya vilevile.