Kibanja Tulichowaahidi Vijana

Siku ile tuliyosoma ilani yetu kule Rubya naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa niwe nimeisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Vyama vingi ndiyo kwanza vimeruhusiwa, na sisi watu saba tulikuwa tumeanzisha cha kwetu Bukoba mjini, katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Mimi wa darasa la saba nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko. Sikusema kwamba sifai. Labda ningesema.

Mwenyekiti wetu alikuwa Deusdedit, mwalimu. Haki yake nimpe: aliizunguka Muleba kwa miguu akitafuta wanachama, mvua na jua. Lakini kumwambia amekosea ilikuwa kazi kuliko kung'oa kisiki cha mbuni.

Wakaguzi wa usajili walikuwa waje Jumatano kuhakiki wanachama, nasi tulipungukiwa watu kama hamsini. Mwenzetu aliyekwenda Goziba alirudi na majina tele, lakini wavuvi ni watu wa kuhama. Ukiwatafuta wiki ijayo, wako kisiwa kingine. Tumaini lote likabaki Rubya, kwao baba yangu, ambako tuliwaita wazee Jumapili baada ya misa. Wakaja wengi. Wakatupa kahawa ya kutafuna kama wageni wa heshima.

Nikasoma. Kipengele cha tatu nilikiandika mimi mwenyewe: "Kila kijana apewe kibanja."

Sasa sikiliza. Mjini tulishazoea kuita kibanja kiwanja chochote kile. Nilichokusudia ni serikali igawe rweya, yale majani matupu yasiyolimwa na mtu. Lakini kwa Mhaya kibanja ni migomba ya ukoo, na makaburi yamo humo. Mzazi hukugawia akitaka mwenyewe. La sivyo, unangoja alale humo. Mimi Mhaya, mtoto wa Mhaya, sikuliona hilo! Mpaka leo linanichoma.

Mzee Rwegasira, kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye kwetu naye ni tata, yaani baba, akainua mkono. "Rudia hapo pa tatu."

Nikarudia.

"Apewe na nani?"

"Na serikali, tata."

"Serikali ina migomba wapi hapa? Kibanja ni changu, na baba yangu amelala ndani. Mnangoja nife, au mmechoka kungoja?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kutupenda. Bibi mmoja akadakia, "Na binti zangu je, waitu, jamani? Au kijana ni mwenye ndevu tu?" Swali lake lilikuwa la haki.

Deusdedit akasimama. "Wazee, hamjaelewa. Hii ni sera."

"Kiswahili tumekielewa, mwalimu," tata akamwambia. "Futeni hilo neno, tutie sahihi, twende tukale."

Umesikia? Alitufungulia mlango! Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Deusdedit akajibu kwamba ilani haibadilishwi ila na mkutano mkuu. Mkutano mkuu upi? Wa watu saba, na watano tulikuwa pale pale! Mimi mwenye neno nikatazama viatu vyangu. Yeye akaendelea kufafanua sera mpaka, nadhani, ndizi za watu zikaungua majikoni. Wakaondoka mmoja mmoja. Tata alipofika mbele yangu akasimama.

"Kukosea si neno," akasema. "Lakini umeonyeshwa kosa, na bado umelikalia kama kuku juu ya mayai."

Hakuna aliyetia sahihi. Jumatano wakaguzi walihakiki, wakafunga daftari lao, na chama kikafia hapo. Miaka yote nimetaka lawama iwe ya Deusdedit. Nikipima kwa haki, yeye alikuwa mbishi tu. Mimi ndiye niliyejua neno limetoka wapi.

Ndiyo maana juzi uliponiletea ilani ya chama chenu kipya nilikujibu kwa ukali. Karatasi nzuri, rangi nzuri. Lakini "wadau" wamejaa kila mstari, mwanangu, na nilipokuuliza hao wadau ni akina nani kule Maruku, ukaniambia sitaelewa. Nami nikajisemea: jamani, kule kule tena!

Basi nasaha yangu ni hii, uipime mwenyewe, maana sikusoma sana. Kabla hamjachapa nyingine, isome kwa sauti mbele ya bibi yako, kwa lugha ile anayokugombezea. Akikunja uso usimfafanulie, muulize. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na neno likiwakera watu mkutanoni, mwenye neno asimame alifute papo hapo wakimwona, kabla mwenyekiti hajavuta pumzi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ukishajikwaa, inuka.

Mungu akipe chama chenu umri mrefu kuliko wa chetu, akulinde na wenyeviti, na akujalie masikio yanayofika kabla ya ulimi.