Sahani Zenye Ukingo wa Dhahabu

Watu walimwita Fundi Sahani, na wala hakuwahi kufinyanga hata moja. Alikuwa muosha vyombo wa hoteli, miaka thelathini na moja, na usithubutu kumcheka, atakuuliza wewe umevunja vingapi. Nyumbani kulikuwa na sahani kumi na mbili za kauri, nyeupe, ukingo wa dhahabu, ambazo yeye alimnunulia mkewe siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Hizo aliziosha yeye tu. Kwanza anavua pete. Anatandika taulo kuukuu ndani ya beseni, anamimina maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, anaosha sahani moja moja, na ole wake atakayesogea na waya wa kusugulia masufuria! Zikikauka anazipanga kabatini, kitambaa laini kati ya sahani na sahani.

Basi mikono ikaanza kutetemeka. Kidogo, halafu sana. Dawa alikunywa, mikono haikusikia. Siku moja bakuli la supu likamponyoka, paa! Tangu siku ile chakula kikawa kinapakuliwa kwenye sahani za plastiki, na kabati likatiwa kufuli.

Mzee alivumilia mwezi mzima. Alikula kimya, yeye ambaye huongea mpaka na bomba la maji. Jumapili moja, wakati mkewe anapakua chakula cha mchana, uzalendo ukamshinda.

"Mama watoto, mimi nimekuwa mtoto mchanga wa kulishwa kwenye plastiki?"

"Ni nyepesi tu, mume wangu."

"Sema ukweli. Huniamini tena na sahani zangu."

"Zako? Si ulininunulia mimi, au umesahau?" Mkewe alitaka kucheka, akashindwa. Akavuta kiti, akaketi. "Siku ile ya bakuli uliinama kuokota vipande, nikakuona unafuta machozi kwa kiwiko. Bakuli lina nini, bakuli? Ni wewe niliyekuonea uchungu."

Mzee akatazama mikono yake, inavyocheza juu ya meza.

"Nikilia nilie," akasema. "Lakini nioshe."

Mama wa watu akainuka, akatoa ufunguo ndani ya kopo la chumvi. Jamani, kopo la chumvi! Sahani zilikuwa zimeshika vumbi. Wakaziosha wawili, bega kwa bega, yeye anaosha, mkewe anafuta. Ya tisa ikagonga bomba, ngo! Ukingo ukabanduka kidogo, kama punje ya mchele. Mzee akafumba macho.

Mkewe akaichukua, akapapasa pale kwa kidole gumba.

"Hii iwe yangu. Tumefanana," akasema, akamwonyesha pengo lake la jino la mbele. Mzee akacheka hadi maji yakamwagika.

Mchana huo walikula kwenye kauri. Zile za plastiki zilipelekwa uani, kuku wanywee maji. Walipomaliza, mkewe alinyanyuka kukusanya vyombo, kama alivyozoea mwezi ule mzima, halafu akaketi tena. Akamsogezea sahani zote mbili.

"Haya, fundi. Kazi hiyo."

Mzee akaanza kuvua pete. Vidole vilitetemeka, pete ikakwama. Mkewe akaushika ule mkono, akamvulia yeye.