Vyuo Vilivyokuja Kuposa

Mwaka niliotimiza miaka thelathini na miwili, vyuo vikuu vitatu vilikubali kunichukua na hakuna mwanamume aliyekuja kuposa. Shangazi yangu alilitafakari jambo hilo kwa siku mbili, akakata shauri kwamba afadhali chuo kuliko kukosa kabisa, ila taratibu zifuatwe.

"Hatukukuokota," aliniambia. "Wakikutaka, kwanza tuwajue ni watu gani."

Nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kilindoni, kisiwani Mafia. Shahada ya pili nilikwisha kuipata Dar es Salaam, na kwa sababu ambazo sikuweza kuzieleza vizuri hata kwa nafsi yangu, nilitaka kusomea udaktari wa historia ya kale: Wayunani, Warumi, na wafanyabiashara wao waliovuka bahari wakafika hadi pwani hii yetu. Mwalimu mwenzangu wa baiolojia, mtu wa bara mwenye masihara, aliniuliza kama historia ya juzi imenishinda hadi nikimbilie ya kale. Mkuu wa shule aliuliza kama jambo hilo limo kwenye mtaala. Nilipomwambia halimo, alinitazama kwa huruma kama mtu aliyepata msiba, akaniuliza kama nimemaliza kusahihisha daftari za kidato cha tatu.

Barua za kukubaliwa zilikuja kwa barua pepe, nikaenda kuzichapisha katika duka la steshenari karibu na soko. Mwenye duka alizisoma zote tatu kabla ya kunikabidhi, akanipongeza, kisha akamhimiza mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki anipongeze naye. Nilipofika nyumbani Miburani habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa barazani akisuka dema, ule mtego wa samaki wa fito, na kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso.

"Kwa hiyo na wewe sasa unakuwa mmoja wao?" aliuliza.

Wao ni madaktari wa samaki. Tangu bahari yetu iwe hifadhi na kuwekewa mipaka na maboya, wamekuwa wakija Utende kila msimu, wenye shahada na wanaozitafuta. Wanahesabu samaki, wanahesabu kasa, wanahesabu matumbawe, na sina shaka siku moja watatufikia na sisi. Mmoja wao, kijana mpole mwenye daftari, alikaa barazani kwetu msimu mzima wa kaskazi akimwuliza baba habari za mitego. Nilikuwa darasa la sita. Baba alimweleza kila kitu, akamfundisha kusuka, akamlisha. Ukweli ni kwamba alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, maana sisi hatukuwahi kumwuliza lolote. Wakati wa kuondoka yule kijana aliahidi kuleta kitabu chenye picha ya baba ndani. Baba aliulizia posta mwaka mzima. Tangu hapo, kwa baba yangu, daktari ni mtu anayekula wali wako, akaondoka na maneno yako, na harudi.

Sasa binti yake ndiye aliyetaka kuwa daktari. Mama alikwisha kututangulia mbele ya haki, na kaka zangu wawili wamehamia Dar, wanakuja Idi moja na kuruka Idi mbili. Nikiondoka, baba anabaki na dada yake wa nyumba ya pili na fito zake. Nauli yake sikuihitaji. Nilihitaji radhi yake. Kwetu anayetoka bila radhi ya mzazi, hata akifika hajafika. Nami, pamoja na usomi wangu wote, niliamini hivyo na bado naamini. Vyuo vilinipa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Baba alisema, "Nitafikiri," akaendelea kusuka.

Shangazi hakungoja afikiri. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya watalii huko Utende, na watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe wanatoka kila pembe ya dunia. Kwake hao walikuwa majirani wa mposaji. Chuo cha kwanza kilikuwa Uingereza, kikongwe na chenye jina kubwa. Cha pili kilikuwa Marekani, kikubwa na chenye neema. Cha tatu kilikuwa katika mji mdogo wa Uholanzi, na profesa wake alikuwa mwanamke. Shangazi aliyakariri majina ya miji hiyo mitatu kama anavyokariri mahitaji ya sokoni, akaanza upelelezi kwa Kiingereza chake cha mashuka na taulo.

Alipata wazee wawili wa Kiingereza, wakamwambia kile chuo ni cha zamani mno, hata ngazi zake za mawe zimelika kwa nyayo. "Majengo makuukuu," aliniripotia alasiri hiyo. "Unyevu. Na wewe una kifua." Mzamiaji wa Kimarekani alimhakikishia kwamba kule kila mtu angenipenda. "Wanakupenda kabla ya kukujua," alisema shangazi. "Mume wa namna hiyo tumeshamwona kwa binti wa jirani." Mtu na mkewe wa Kiholanzi waliishi karibu kabisa na ule mji mdogo na hawakuwahi kusikia kwamba una watu wanaosoma mambo ya kale. Walijua mvua na baiskeli. Shangazi alilifikiria hilo kwa muda. "Hawavumi," akasema, "lakini hawajasemwa vibaya."

Nilicheka, kisha nikaudhika, maana mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kisomi. Nilikuwa nimesoma kwenye mtandao nasaha zote za kuchagua chuo, nikachora jedwali: maktaba, ufadhili, sifa, hali ya hewa. Jedwali lilinipa majibu tofauti kila siku kutegemea nimekula nini. Shangazi alilitazama, akaweka kidole kwenye nafasi tupu.

"Wake wa kwanza wako wapi?"

"Shangazi, hawa ni maprofesa."

"Najua. Wanafunzi waliokutangulia. Wako wapi leo? Mtu hujulikana kwa aliowaacha."

Nilimwambia huwezi kumwuliza profesa swali kama hilo, ni utovu wa adabu. "Mficha uchi hazai," alinijibu. "Uliza." Niliuliza ili aninyamazie tu, na nilipobonyeza kutuma nilijisikia kama niliyeingia msikitini na viatu. Yule wa Uingereza hakujibu swali hilo. Alinieleza habari za kitabu chake kinachokuja. Wa Marekani alinitumia orodha ndefu ya waliofanikiwa, wote wakitabasamu pichani. Yule mama wa Uholanzi aliandika kwamba amesimamia wanafunzi watatu. Wawili wamemaliza, mmoja wao hana kazi hadi leo; wa tatu aliacha katikati, sasa anaoka mikate, na hii hapa namba yake kama nataka kusikia upande wake.

"Huyu anataja talaka yake mwenyewe," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimheshimu mtu asiyemfahamu.

Hayo yote yalisemwa barazani. Nilikuwa nikizisoma barua kwa sauti na kuzitafsiri, na baba alikuwa ametupa mgongo, anasuka. Nikaendelea kusoma yaliyobaki, ambayo nilidhani hayamhusu mtu. Wote watatu nilikuwa nimewatumia insha yangu juu ya maelezo ya mfanyabiashara mmoja wa kale, asiyejulikana jina, aliyeandika habari za kisiwa fulani cha pwani hii ambapo watu walinasa samaki kwa vikapu badala ya nyavu. Kisiwa chenyewe hakijulikani ni kipi. Wapo wanaosema Unguja, wapo wanaosema Pemba, na wapo wachache, Mungu awabariki, wanaosema Mafia. Profesa wa Uingereza aliandika kwamba suala la vikapu liko wazi na halihitaji kurudiwa: wenyeji walivirusha majini kama nyavu za kutupa.

Mikono ya baba ilisimama.

"Walifanya nini?"

"Walivirusha, baba. Anasema yeye."

Baba aligeuka. Alicheka hadi akaweka ufito chini, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga ya mama. "Dema halirushwi," alisema. "Dema hushushwa. Ukilirusha unawaambia samaki hodi." Kisha akanitazama usoni. "Na wa Kiholanzi anasemaje?"

Wa Kiholanzi hakusema, aliuliza. Aliandika kwamba amelisoma fungu hilo kwa miaka mingi na kuna jambo halielewi. Vikapu hivyo viliwekwa kwenye milango ya maji, pale yanapopita yakijaa na kupwa: je, mdomo wa kikapu ulielekezwa wapi? Hakuwahi kumpata mtu wa kumwuliza.

Shangazi alitaka kusema, nikamgusa goti.

"Hicho si dema," alisema baba taratibu. "Dema linakaa mwambani na chambo chake. Kwenye mlango wa maji unatega mgono." Akachora sakafuni kwa kidole: kikapu kirefu cha fito, kipana mdomoni, chembamba mkiani. "Maji yanapokupwa, samaki wanatoka mikokoni kurudi baharini. Mdomo unautazamisha bara, ili maji yenyewe yamsukumie ndani. Mwandikie."

Nikaandika. Jibu lilikuja kesho yake likiwa na maswali mawili zaidi. Baba akayajibu, akaongeza na ambayo hayakuulizwa. Kwa wiki nzima waliandikiana kupitia kwangu, na mimi, mwombaji, nikawa mkalimani tu. Sikuwa na wivu. Au nilikuwa nao kidogo. Lakini kuhusu radhi baba hakusema neno, na mwezi ukawa unakatika.

Siku ya mwisho ya kujibu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amesimama mlangoni, na mkononi ana mgono mpya, mdogo, wa kubebeka kwapani.

"Mpelekee huyo mama auone. Lakini umwambie vizuri: si zawadi. Zawadi hairudi. Huu nimemwazima, na atakayeurudisha hapa ni wewe kwa mkono wako."

"Ndiyo, baba."

"Basi radhi unayo."

Niliingia ndani nikalia, kisha nikatoka nikatafuta mahali penye mtandao nikajibu Uholanzi. Wale wengine wawili niliwaandikia kwa adabu, kama tunavyowajibu waposaji tunaowakataa, kwamba binti bado anasoma. Shangazi alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," alisema, akanikabidhi mgono uliofungwa kanga mbili. Ugenini ofisa wa forodha aliugeuza na kuugeuza, akauliza kama ni kifuniko cha taa.

Ulikaa juu ya rafu ya vitabu katika ofisi ya profesa kwa miaka mitano na ushei. Mvua ilikuwa kweli, na baiskeli zilikuwa kweli. Mwoka mikate aligeuka rafiki yangu. Kila Ijumaa nilipopiga simu nyumbani, baba hakuniuliza hata mara moja nitarudi lini. Baada ya salamu aliuliza, "Mgono wangu uko?" Nami nikajibu, "Upo, baba. Umekauka tu." Nilijua anauliza nini, naye alijua kwamba najua, na tuliendelea hivyohivyo kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kulisema lile jingine.

Nilirudi nikiwa daktari. Mwenye steshenari alinipongeza tena. Baba alikuwa barazani, amekonda, na kabla sijamaliza kumwamkia alinyoosha mikono yote miwili, si kwangu, kwa mgono. Akaukagua ufito kwa ufito. Akautundika kwenye msumari wake. Hapo ndipo aliponishika mkono, na hakuuachia.

"Na kitabu?"

Nikampa. Kurasa zaidi ya mia tatu za Kiingereza, jina lake kwenye ukurasa wa shukrani, na katikati mchoro mkubwa wa mgono, niliouchora mwenyewe, wenye mishale ya maji. Kiingereza hajui. Alifunua polepole hadi akaufikia mchoro, akautazama sana, akakigeuza kitabu, akakigeuza tena.

"Nani waliokisoma hiki?"

"Watahini wanne, baba. Na profesa."

"Wote wamepitisha?"

"Wote."

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Mdomo umeuelekeza baharini. Maji yanakupwa kutoka huku mikokoni. Samaki aingie wapi, mkiani?"

Nilitazama. Maneno niliyaandika sawasawa kama alivyonifundisha, lakini mchoro niliugeuza, na watu watano wenye udaktari waliupitia wakanipa mkono wa heri.

Baba hakucheka. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akachukua ufito.

"Kaa," alisema. "Nikuoneshe tena."