Mkanda wa Kupamba Usio na Mama

Wasichana wanaotaka kujifunza kazi yangu huja na swali moja tu: ninunue kamera gani? Hushangaa nikiwajibu kwa ukali. Nunua yoyote unayoiweza, nawaambia, ilmradi lenzi yake inabadilishwa, kisha ujifunze kutulia. Simama, vuta pumzi, iache picha ikae kabla hujahamia nyingine. Ukitoka kwenye ubaridi wa hoteli za Diani, iache kamera mfukoni mwake izoee joto la nje kwanza, la sivyo lenzi itashika ukungu na utarekodi maziwa matupu. Na ukumbini usiiachie kamera ijitafutie yenyewe cha kuangalia, kwa sababu itakimbilia dhahabu na vimetameta vya magauni, uso wa mtu itauacha. Hayo yote yanafundishika. Watu ndio hawafundishiki, na ni watu walionitia uchungu huu ninaoueleza.

Mimi hurekodi kupamba, ile shughuli ya wanawake peke yao ambapo bi harusi hukalishwa jukwaani atazamwe. Mabuibui yanavuliwa, nywele ziko wazi, na simu zote zinakusanywa mlangoni. Kamera inayoingia ni yangu peke yake. Kwa sababu hiyo nina sharti ambalo Msambweni nzima inalijua: nikishakabidhi mkanda, nafuta kila kitu mbele ya macho ya bi harusi, kwenye kadi na kwenye kompyuta. Sibaki na hata picha moja. Ndiyo maana waume na kaka zao wananiamini, na ndiyo maana nilikuwa nakula kwa kazi hii.

Bi harusi ninayemkumbuka alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa mzuri, msemi, na anajua kujiweka. Baba yake alimpa mama yake talaka zamani, mama akarudi kwao bara, upande wa Kinango, mtoto akalelewa Ukunda kwa upande wa baba. Sasa alikuwa anaolewa na watu wenye uwezo, na wanawake wa upande wa bwana walikuja kwenye kupamba wakiwa wamevaa sare ya rangi moja, wananukia udi mpaka nje.

Mama alikuja na leso mbili na ndara. Nilimwamkia, “Shikamoo mama,” akaniitikia, “Marahaba mwanangu,” kisha akaniuliza asimame wapi ili asiniharibie kazi. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo. Ngoma ilipochanganya, akaingia katikati akacheza ya kwao, mabega yanakwenda peke yake, kichwa kimetulia, macho yako kwa mwanawe. Wale wa sare wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilipiga goti, nikaisogeza fokasi kwa mkono wangu, taratibu, nikamfuata mpaka akamaliza. Sijarekodi kitu kizuri kushinda kile, na sisemi kwa kujisifu, maana uzuri ulikuwa wake.

Siku ya kuangalia mkanda kabla haujakamilika, bi harusi alikuja kwangu Msambweni akaketi kando ya kompyuta. Alifurahi mpaka tulipofika pale.

“Dada, huyu mtoe.”

“Huyu si mama yako?”

“Najua ni nani. Mtoe. Wakwe zangu walikuwa wanamcheka, wewe hukusikia? Sitaki waangalie tena na tena.”

Nilimwambia watu waliokuwa wanapiga makofi hawakuwa wanacheka kwa dharau. Nilimwambia hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba harusi ni yake. Basi nikatoa. Pale mama alipokuwa pembeni ya picha, niliikuza picha mpaka pembe ile ikatoka nje. Alipokuwa nyuma ya mtu, nikaweka sura nyingine juu. Mimi nikiamua kusafisha nasafisha. Alipoondoka na mkanda wake, mama yake hakuwemo popote, na kadi zangu zilikuwa tupu, yeye mwenyewe akishuhudia.

Kilichofuata ndicho kilichonivunja. Wale wakwe aliowaogopa walipoutazama mkanda, swali lao la kwanza lilikuwa: yule mama aliyecheza vizuri yuko wapi? Walikuwa wamekaa kumsubiri. Na yeye, badala ya kusema kweli, akasema, “Yule dada wa kamera ndiye aliyemsahau. Kazi yake ya ovyo.” Maneno ya wanawake wa Diani yanakimbia kuliko tuk-tuk. Nikawa yule anayesahau mama wa bi harusi. Walioniwekea siku wakaahirisha, kisha wakanyamaza, nami nikaanza kupiga picha za pasipoti. Ningeweza kumwumbua. Lakini kazi yangu ni kufunga mdomo, na nikiufungua mara moja, nani ataniruhusu tena mlangoni? Nilimeza, na sikusamehe.

Kisha mama akafariki. Nilisikia kwa watu. Haikupita muda binti akaja kwangu, peke yake, bila hodi ya maana, amesimama mlangoni na buibui limejaa vumbi la Kinango. Nilimpa pole, nikamwombea marehemu, nikamkaribisha kiti. Aliyoyafuata niliyajua kabla hajaketi.

“Dada, tafadhali. Angalia vizuri. Huenda kuna kipande kilibaki. Hatuna picha yake ila ile ya kitambulisho, na hiyo imefifia.”

“Nilifuta mbele yako.”

“Siku hizi si kompyuta inaweza kumtengeneza?”

“Itatengeneza mwanamke mwingine,” nikamwambia. “Wa kwako uliniamuru nimtoe, nikamtoa. Kisha ukaniuza.”

Alilia. Sitasema nilimhurumia, kwa sababu nilikuwa bado na hasira, na sehemu yangu moja ilifurahi kumwona hivyo. Lakini alikuwa amekuja na flashi yenye ule mkanda, akaninyooshea kwa mikono miwili, nikaipokea ili tu aache kulia.

Picha haikuwepo, nilijua. Ila kuna jambo la ufundi ambalo yeye hakulijua. Mimi sikati sauti pale ninapokata picha. Ukizikata pamoja, mkanda unarukaruka na masikio yanachoka. Kwa hiyo nalaza sauti ndefu ya ukumbi chini kabisa, kisha juu yake napanga picha nizitakazo. Na sauti ile ilitoka kwenye kinasa kidogo nilichokuwa nimekificha kwenye maua ya jukwaa, karibu na miguu ya bi harusi.

Nilivaa hedifoni nikatafuta mahali wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine haujaanza. Nilimpata. Nikavua hedifoni nikamvisha binti.

Kwenye kioo ilikuwa picha yake mwenyewe, amekaa jukwaani na dhahabu zake, hina mpaka viwikoni, anatabasamu nilivyomwelekeza. Chini ya picha hiyo mama yake alikuwa akimuuliza mtu aliyekuwa karibu, kwa sauti ya chini, “Huyu mtoto amekula? Tangu asubuhi mmemfungia ndani. Amekula?” Hakuna aliyemjibu. Wimbo ukaanza.

Binti alisikiliza, akanifanyia ishara nirudishe. Nikarudisha. Akafanya tena, nikarudisha tena. Kisha akaivua hedifoni, akaishika mapajani, akanitazama.

“Sikuwa nimekula,” akaniambia, kama kwamba mimi ndiye niliyeuliza.